Hedhi Iliyokatika Si Medali

Imani moja imetamalaki viwanjani: msichana akifanya mazoezi mpaka hedhi ikakatika, basi mwili umekaza, sasa yuko fiti. Wasichana wanapokezana neno hilo, na wapo wanaofurahi kuondokewa na adha ya kila mwezi. Ni uongo, na unawavunja mabinti zetu mifupa.

Tuseme binti wa miaka 15 pale Quitunda, huko Msumbiji, kijiji walikohamishiwa watu wa rasi ya Afungi kupisha mradi wa gesi. Alfajiri maji, mchana shule, jioni mpira. Tumboni ana chai na muhogo. Zamani mama yake alishuka pwani maji yakikupwa, akarudi na chaza na kombe. Sasa pwani iko mbali, kitoweo ni cha kununua. Mwili ukiona chakula hakitoshi kwa kazi yote hiyo, hupunguza kile unachoweza kuishi bila yake leo: uzazi. Homoni ya estrojeni hushuka, hedhi hukoma, na mfupa uliokuwa ukilindwa na homoni hiyo huanza kudhoofika. Halafu muundi unauma mahali pamoja, padogo kama sarafu. Ukipabonyeza kwa kidole anaruka. Kocha anamwambia ajikaze, kumbe huenda mfupa umeshaingia ufa.

Na umri haumsubiri. Sehemu kubwa ya mfupa wa mtu hujengwa kabla hajafika miaka 20. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko mwaka 2014 kuhusu wanamichezo wanaokula pungufu ya jasho lao, na mifupa ni miongoni mwa madhara iliyoyataja.

Nao wanaosema wembamba ndio kasi wamkumbuke mkimbiaji Maria Mutola. Alianza kwa kucheza soka na wavulana kule Maputo, akakua na misuli yake, na mwaka 2000 huko Sydney akaipa Msumbiji dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 800.

Makungwi wetu hufundisha hedhi bila kuona haya, ila wakisikia imekatika huwaza mimba tu. Kocha naye hupongeza. Nawaomba wote wawili: binti akikaa miezi 3 bila kuona siku zake, na si mjamzito, msimtuhumu wala msimsifu. Mpumzisheni. Mwongezeeni sahani, na dagaa wale wanaoliwa pamoja na mifupa yao wasikosekane. Mpelekeni kituo cha afya. Mechi itakuwepo Jumamosi nyingine.