Alama za mazoezi zisikudanganye

Niliwahi kufanya mtihani wa cheti cha mitandao ya kompyuta. Kwenye mazoezi nilikuwa napata asilimia 95. Siku yenyewe ilipofika, nikaanguka!

Wengi husingizia woga. Woga upo, lakini mimi najilaumu mwenyewe: maswali yale yale niliyarudia mara tano. Nikiona 255.255.255.192, najibu kompyuta 62 bila hata kupiga hesabu. Mtihani ukaleta 255.255.255.224, nikakwama. (Jibu ni 30.) Kumbe hesabu sikuijua, nilijua swali tu.

Sisi waandishi wa programu tulipaswa kulijua hili zamani. Ukiifundisha kompyuta kutambua picha, huipimi kwa picha zile zile ilizofundishiwa. Unatenga nyingine ambazo haijaziona.

Sisemi mazoezi ni mabaya. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha kuwa wanafunzi waliojijaribu walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu. Ila tenga karatasi moja ambayo hujaigusa, uifanye mwishoni, saa ikiwa mezani. Alama utakayopata hapo ndiyo yako. Ile 95 yangu ilikuwa ya kukariri.