Supu ya Tambi ya Kijapani na Soya ya Nyanda za Juu Kusini

Iringa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takribani watoto 57 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, kiwango kikubwa kuliko mikoa yote nchini. Udumavu una sababu nyingi, lakini ghala lililojaa mahindi pekee haliuondoi. Sehemu ya jawabu imo jikoni, na katika hilo jiko la Kijapani lina somo la kutoa.

Miso ni rojo zito la soya iliyochemshwa, ikapondwa, ikatiwa chumvi na kuchachushwa kwa miezi kadhaa pamoja na nafaka iliyooteshwa kuvu maalumu. Wajapani huliyeyusha katika mchuzi, aghalabu wa samaki waliokaushwa, kisha huongeza tambi, mboga na yai. Jina ni geni, ila viungo si vigeni. Soya hustawi Mbeya na Iringa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kimetoa mbegu zake bora. Usipa wa Ziwa Nyasa hupanda kutoka Kyela hadi masoko ya Mbeya. Uyoga huchumwa Iringa wakati wa mvua, na chainizi hulimwa bustanini. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa punje kavu ya soya ni protini, lakini nyumba nyingi huiona soya kuwa zao la kuuza au chakula cha kuku.

Yapo, hata hivyo, mambo mawili ya kuachiwa Wajapani wenyewe.

La kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takribani kijiko kimoja cha chai. Bakuli moja la tambi za miso mgahawani laweza kufikia kiwango hicho peke yake, na tambi za pakiti zenye kiungo chake cha unga hazina unafuu mkubwa. Katikati ya karne iliyopita, wakazi wa Akita, kaskazini mwa Japani, walikula zaidi ya gramu 20 kwa siku, na kiharusi kiliwaua kwa wingi. Vifo vilipungua sana baada ya watu kupimwa shinikizo la damu, kutibiwa na kufundishwa kupunguza chumvi.

La pili ni kuvu. Kuvu wa miso ni ndugu wa karibu wa yule atoaye sumukuvu katika mahindi na karanga. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu takribani 20 Dodoma na Manyara. Kwa macho hawatofautishiki kwa uhakika. Hivyo kuvundika nafaka nyumbani ili iote ukungu ni kucheza na ini.

Njia salama ni hii: soya ilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha ichemshwe hadi iive kabisa, kwa kuwa soya mbichi huzuia usagaji wa protini tumboni. Ipondwe pamoja na kitunguu saumu na tangawizi. Usipa au uyoga uchemshwe kupata mchuzi, rojo likorogwe humo, tambi zilizochemshwa kando ziongezwe, kisha chainizi na yai mwishoni. Chumvi iwe chembe tu. Ndimu ikamilishe ladha. Mtoto aliyetimiza miezi sita apewe rojo laini lisilo na chumvi, usipa ukiwa umesagwa.

Hiyo si miso, na haina haja ya kuitwa miso. Ni chakula cha Nyanda za Juu Kusini kilichoazima hekima ya mbali. Wataalamu wa lishe wakiifundisha katika kliniki za mama na mtoto, kwa sufuria na moto badala ya mabango, gunia la soya litakalobaki nyumbani litakuwa na thamani kuliko lile lililopakiwa lorini.