Duka kubwa jipya lisimeze mtaji wa wanachama

Chama cha ushirika kinapopata fedha, moja ya mawazo yanayopigiwa makofi haraka kwenye mkutano mkuu ni kufungua duka kubwa. Duka linaonekana. Mwanachama analipita akijivuna, na viongozi wanapata mahali pa kukata utepe. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: gharama ya kuligeuza jengo tupu kuwa duka italipwa na nini?

Mfano wa kujifunzia unatoka Kanada. Mwaka 1971 vijana sita wapenda milima katika jiji la Vancouver walianzisha chama cha ushirika kilichoitwa Mountain Equipment Co-op, kwa kifupi MEC, ili kupata vifaa vya kupandia milima kwa bei nafuu. Mwanachama alilipa dola 5 mara moja tu maishani. Kufikia mwaka 2020 chama kilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 5 na maduka 22.

Chama hicho kilikuwa kikijitanua. Mwaka 2019 kilihamia duka jipya kubwa mjini Toronto, na mwaka 2020 kikafungua jingine Vancouver. Ikumbukwe kuwa duka la vifaa vya milimani si sawa na duka la sukari. Hema lazima lisimamishwe ili mnunuzi aingie ndani, viatu vinahitaji nafasi ya kujaribia, na baiskeli zinahitaji fundi na karakana. Kila mita ya sakafu ni fedha.

Wakati huo huo biashara ilikuwa ikiyumba. Katika mwaka wa fedha ulioishia Februari 2019, chama kilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 11 za Kanada, ingawa mauzo yalizidi dola milioni 460. Wateja walikuwa wakihamia kununua kwa intaneti. Machi 2020 ugonjwa wa Korona ukafunga maduka. Septemba mwaka huo chama kiliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na bodi ikatangaza kukiuza kwa Kingswood, kampuni ya uwekezaji ya Los Angeles, Marekani. Wanachama hawakupiga kura. Baadhi walipinga mahakamani, lakini Oktoba 2020 jaji aliidhinisha mauzo. Mwaka 2025 wawekezaji wa Kanada waliinunua kampuni hiyo, lakini haikurudi kuwa ushirika.

Si haki kusema maduka mapya peke yake ndiyo yaliyokiangusha chama. Hata hivyo, fedha iliyokwisha kuingia kwenye sakafu, taa na rafu haitoki tena siku ya shida. Bidhaa unaweza kuziuza hata kwa bei ya kutupa, lakini vigae ulivyobandika kwenye jengo la kupanga vinabaki kwa mwenye nyumba.

Linganisha na REI, ushirika wa vifaa vya milimani ulioanzishwa Seattle, Marekani, mwaka 1938. Mwaka 2020 ulikuwa umejenga makao makuu mapya huko Bellevue. Korona ilipobana, uliyauza kabla ya kuhamia, na sehemu kubwa ilinunuliwa na Facebook kwa zaidi ya dola milioni 360. REI ilipata hasara mwaka 2022 na 2023, lakini imebaki mali ya wanachama. Jengo lilikuwa lao, na waliliuza mapema.

Sasa tuje kwetu. Tuchukue mfano wa chama kinachopanga jengo kwa miaka 5 na kutumia shilingi milioni 60 kwa rafu, kaunta, taa, umeme na rangi. Gawanya kwa miezi 60: ni shilingi milioni 1 kila mwezi. Kama duka linabakiwa na faida ya shilingi 15 katika kila shilingi 100 za mauzo, chama kinahitaji kuuza karibu milioni 6.7 zaidi kila mwezi ili kurudisha gharama hiyo tu. Kodi ya pango, mishahara, umeme na riba ya benki bado havijaguswa.

Wafanyabiashara wa Moshi wanaokodisha majaketi na mifuko ya kulalia kwa wapanda Mlima Kilimanjaro wanaielewa hesabu hii bila kalamu. Jaketi likirudi linakodishwa tena. Ukuta uliopakwa rangi haukodishwi.

Kabla ya kunyoosha mkono kwenye mkutano, mwanachama aulize mambo manne. Kwanza, mkataba wa pango ni wa miaka mingapi, na je, gharama ya matengenezo itakuwa imerudi kabla haujaisha? Pili, rafu na kaunta zinaweza kufunguliwa na kuhamishwa? Tatu, baada ya kuliandaa duka, itabaki fedha ya kununua bidhaa za angalau msimu mmoja bila mkopo? Nne, mkopo ukishindikana, nani ana mamlaka ya kuuza mali ya chama, na je, wanachama watapiga kura?

Swali la nne lijibiwe kwa maandishi, na liingie kwenye muhtasari wa mkutano. Wanachama wa MEC walisubiri mpaka mahakamani.