Shuka za Mabweni Nazo Zifuliwe

Katika shule nyingi za bweni nchini, Jumamosi ni siku ya kufua. Mashati, soksi na sare husuguliwa kwa kuwa Jumatatu kuna ukaguzi. Shuka husalia kitandani, pengine hadi shule ifungwe, karibu miezi mitatu. Yaani kinachoonwa na mwalimu hufuliwa, nacho kinachogusa ngozi usiku kucha huachwa.

Hali hii huupa upele nafasi. Maradhi haya, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatia katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa mwaka wa 2017, hayazaliwi na uchafu, kama wadhanivyo wale wanaowacheka wagonjwa. Huletwa na kijidudu kichimbacho ngozi na kutaga mayai humo. Huenea hasa kwa kugusana kwa muda mrefu, lakini pia kwa kuazimana shuka, taulo na sweta, kwani kijidudu hicho huweza kuishi siku mbili au tatu nje ya mwili.

Ndiyo sababu dawa hushindwa mabwenini. Mgonjwa hupakwa dawa, kisha hurudi kwenye shuka zile zile na kwa jirani yule yule asiyetibiwa. Yafaa wote waliogusana naye watibiwe siku moja, hata wasiojikuna, maana aliyeambukizwa mara ya kwanza aweza kukaa majuma manne hadi sita kabla ya kuwashwa. Siku hiyo nguo na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi, kisha yaanikwe juani.

Katika siku za kawaida, shuka na foronya zastahili kufuliwa kila juma, nazo soksi na nguo za ndani kila siku. Blanketi yaweza kungoja, mradi ipigwe jua.

Tutaambiwa hakuna maji. Huko Wajir au Kitui hatuna la kubisha. Lakini hata palipo na maji, Jumamosi imemezwa na mitihani na masomo ya ziada, nazo kamba za kuanikia hazitoshi wala hazilindwi. Na mwenye shuka jozi moja atalalia nini isipokauka?

Wakuu wa shule waiache Jumamosi asubuhi iwe ya kufua. Orodha ya mahitaji ya wanafunzi wapya itaje jozi mbili za shuka, na mwalimu wa zamu akague vitanda jinsi anavyokagua kola za mashati.