Badilisha jezi kwanza

KIBARAZANI
Na Hamisi Kombo

Jumanne kijiweni tulifufua ugomvi wa zamani: penalti ya mechi moja ya watani, misimu kadhaa nyuma. Mimi ni wa Yanga ya Jangwani, fundi viatu wetu ni wa Simba ya Msimbazi. Siku ile tulikaa benchi moja, tukatazama runinga moja. Yeye aliona beki wetu akimkwatua mshambuliaji wao ndani ya boksi. Mimi niliona mtu mzima akijirusha kama mtoto aliyenyimwa andazi. Kahawa ikapoa, hakuna aliyesogea hata hatua.

Kumbe ubishi huu una historia. Novemba 1951, vyuo vikuu viwili vya Marekani, Dartmouth na Princeton, vilikutana kwenye mpira wao wa kushika kwa mikono. Mchezo ukawa wa rafu: nyota wa Princeton akavunjwa pua, mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Wataalamu wawili wa saikolojia, Albert Hastorf na Hadley Cantril, wakawaonyesha wanafunzi wa pande zote filamu ileile na kuwaambia wahesabu rafu. Wa Princeton waliona rafu za Dartmouth zaidi ya mara mbili ya zile walizoziona wa Dartmouth wenyewe. Matokeo yalichapishwa 1954. Wanafunzi wale hawakuwa waongo. Kila mmoja alihesabu alichokiona, na jezi ndiyo iliyokuwa imemchagulia cha kuona.

Mpira una nafuu, ukiisha tunarudi nyumbani. Tatizo ni kwamba jezi tunaingia nayo hadi ndani.

Mwezi uliopita mke wangu alichelewa kurudi kutoka kikao cha harusi cha upande wao. Saa tatu, saa nne, simu inaita haipokelewi. Alipogonga mlango, kesi nilikuwa nimeshaisikiliza peke yangu na hukumu nimeshaiandika: ananidharau. Nikaisoma yote, pamoja na mambo ya mwaka juzi. Aliniacha nimalize, akauliza kwa upole, "Baba Zuhura, na wewe Alhamisi ile ulipofika saa tano, ilikuwa nini?"

Nikajibu bila kufikiri: foleni ya Mbagala, na simu iliisha chaji.

"Haya. Foleni," akasema, akaenda jikoni kujipakulia.

Nililala nikilitafuna neno hilo. Nikichelewa mimi, sababu ni barabara. Akichelewa yeye, sababu ni tabia yake. Tena nilipoichunguza ile hasira yangu vizuri, nikakuta chini yake kuna woga mtupu: usiku, bodaboda, simu haipokelewi. Woga ule ungesemwa kwa sentensi moja, naye angeupokea. Mimi niliuvisha joho la hakimu.

Ukimwambia mtu atumie akili kwenye ndoa, atakujibu mapenzi hayapimwi kwa mizani. Anadhani unamwambia azime moyo. Daktari wa ubongo Antonio Damasio, katika kitabu chake cha 1994, alisimulia habari za mgonjwa aliyemwita Elliot, aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo. Akili yake ilipimwa ikaonekana nzima, ila hisia zilikuwa zimepoa. Basi huyo ndiye angekuwa bingwa wa maamuzi! Wapi. Jambo dogo la ofisini lilimla siku nzima, kazi ikampotea, ndoa ikavunjika. Kwa hiyo hasira yako na wivu wako viache vitoe ushahidi. Kosa langu usiku ule lilikuwa kuvipa kiti cha hakimu.

Kwenye siasa ndiko jezi inakoshonewa mwilini kabisa. Kumbuka safari ya Edward Lowassa. Septemba 2007, pale Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alisoma orodha ya watu aliowaita mafisadi, jina la Lowassa likiwamo. Februari 2008 Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Julai 2015 akatoka CCM na kuhamia Chadema, akawa mgombea urais wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani. Waliokuwa wakimwita fisadi wakaanza kudai ushahidi, na baadhi ya waliomtetea miaka yote wakalikumbuka ghafla neno fisadi. Machi 2019 akarudi CCM, akapokewa kwa shangwe. Mtu ni yuleyule, na Richmond ni ileile. Kama alikuwa na hatia au hakuwa nayo, leo siamui. Nauliza wewe msomaji ulisema nini 2008, na ulisema nini 2015. Slaa, tusimnyime haki yake, alikataa kugeuza maneno, akajiondoa kwenye siasa za vyama mwaka huohuo wa 2015.

Dawa ninayoijaribu siku hizi haina gharama. Kabla ya kutoa hukumu, mvue mtuhumiwa jezi, umvishe ya upande wako, kisha uone kama hukumu inasimama. Inauma, na mara nyingi nasahau.

Juzi usiku nilitafuta video ya ile penalti, nikaitazama nikijiambia kwamba beki ni wa Msimbazi na anayeanguka ni wetu. Nikairudia mara tatu. Fundi, kama unasoma hapa: ilikuwa penalti.