DJ, Huo Wimbo Unaoukata Ndio Stori Yenyewe!

Haya wadau, leo mzigo unashuka Tukuyu na kuna mtu utamuuma. Aumie tu.

Kuna DJ mmoja wa kutafsiri muvi, jina kapuni. Kuanzia Kiwira mpaka Ushirika, ukiingia maktaba ya muvi na flashi yako lazima utoke na sauti yake. Mwamba ana kipaji, hilo halina ubishi. Akiamua mzee wa Kijapani aongee kwa lafudhi ya Kinyakyusa, kibanda umiza kizima kinakaa chini kwa kicheko. Ila tangu aanze kuingiza tamthilia za Kijapani ana tabia moja ya hovyo. Wimbo wa tamthilia ukianza, anaukata. Asipoukata anaongea juu yake: anamwaga salamu, anataja namba ya simu, anamtangaza muuza memori kadi wa pale stendi. Wateja walipomuuliza akajibu kwa dharau, "Kijapani mnakielewa nyie? Sasa mnasikiliza nini?"

Tangu lini mtu wa Rungwe akahitaji kuelewa maneno ndipo wimbo umguse? Baa ngapi kati ya Tukuyu na Uyole zinapiga Kilingala mpaka usiku wa manane, watu wanaitikia sebene jasho linawatoka, na hakuna hata mmoja anayejua kinachosemwa? Mama zao je, hawakuimba nyimbo za filamu za Kihindi huku wanamenya ndizi? Na kama ni Kijapani chenyewe, mwaka 1963 Kyu Sakamoto alishika namba moja Marekani kwa wimbo wa Kijapani mtupu. Jina lenyewe lilivyokuwa gumu kutamka, ukauzwa kwa jina la chakula, Sukiyaki. Neno hawakuelewa, sahani walinunua.

DJ anadhani wimbo wa tamthilia ni kama tangazo la sabuni, kitu cha kupitisha muda watu wakae vizuri kwenye mabenchi. Kwa Wajapani sio hivyo. Tamthilia nyingi za kule ni fupi, episodi kumi au kumi na moja hivi, moja kwa wiki, na kila tamthilia inakuwa na wimbo wake. Na mara nyingi wimbo hauishii mwanzoni. Unavizia. Watu wawili wamesimama, mmoja anataka kusema kitu na hasemi, hapo ndipo gitaa linaingia. Tokyo Love Story ya mwaka 1991 ilifanya hivyo na wimbo wa Kazumasa Oda, na ule wimbo ukauza zaidi ya nakala milioni mbili. Sasa wewe sekunde hiyohiyo ya gitaa unaingiza "mambo vipi watu wangu wa Katumba"!

Lakini kosa ambalo halisameheki ni lile alilofanya kwenye First Love.

Kwa ambao hawajaiona (samahani, stori inavuja hapa): hii ni tamthilia ya Netflix ya mwaka 2022, episodi tisa. Kuna Yae, binti aliyekuwa na ndoto ya kuhudumu kwenye ndege. Akapata ajali, kumbukumbu zikafutika, mpaka yule kijana aliyempenda akafutika kichwani. Miaka inapita, Yae anaendesha teksi Sapporo, wanakutana tena na hamjui. Watazamaji wanajua, kijana anajua, yeye hajui. Unaangalia roho inakuuma. Halafu unajua kinachomrudishia kumbukumbu ni nini? Sio daktari, sio maombi. Ni wimbo. First Love wa Utada Hikaru, ule aliousikiliza na yule kijana enzi zile.

DJ akaukata.

Yaani kwa watu wa Tukuyu, Yae amekaa, ghafla namba ya simu ya DJ, halafu Yae analia. Kibandani watu wakaanza kuulizana, "Huyu kapigwa na nani?" Jamaa mmoja akasema labda kafiwa. Tamthilia nzima imejengwa juu ya wimbo, jina lake lenyewe ni la wimbo, na wimbo haupo! Ni sawa na kumuuzia mtu ugali halafu ukabaki na unga.

Na wimbo wenyewe una historia. Utada aliutoa mwaka 1999 akiwa na miaka 16, na mwaka huohuo ukawa wimbo wa tamthilia nyingine, Majo no Joken, ya mwalimu wa kike na mwanafunzi wake. Miaka 23 baadaye wimbo umezaa tamthilia mpya. Hivyo ndivyo wimbo unavyoweza kuishi usipokatwa na mtu mwenye kompyuta na haraka.

Nyingine ni Unnatural ya 2018, ya madaktari wanaochunguza maiti wajue mtu alikufaje. Wimbo wake ni Lemon wa Kenshi Yonezu, ambaye alifiwa na babu yake akiwa bado anauandika. Unaingia pale ukweli wa kifo unapojulikana. Watu wa Rungwe wanajua msiba. Mama mmoja akianza kuimba pale matangani, nani atasimama amkatishe atangaze vocha?

Watetezi wake wapo, na hoja zao zinajulikana. Wanasema mbona hata Netflix kuna kitufe cha kuruka wimbo. Ndiyo, kipo, na anayekibonyeza ni mtazamaji mwenyewe. DJ kawabonyezea wote. Wanasema Lufufu naye kwenye kanda za zamani alikuwa anaongea. Lufufu alikuwa anaongeza maelezo mtu aielewe filamu, huyu anapunguza. Wanasema wimbo unakula muda. Wimbo ni dakika moja na nusu, salamu za DJ zinapita hapo na hazijafika Kyela.

Hoja yenye nguvu kidogo ni ya vifaa. Kwenye studio zinazotafsiri kwa mkataba, sauti za waigizaji zinakuja peke yake na muziki peke yake, kwa hiyo Kiswahili kinakaa na muziki haukatiki. DJ ana sauti moja iliyochanganywa, akitaka kuongea lazima ashushe vyote. Sawa. Basi anyamaze! Kunyamaza hakuhitaji kifaa. Na tusisahau kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema ruhusa ya kutafsiri ni ya mwenye kazi. Mzigo umeuchukua bure, halafu bado unaumega.

Na dharau hii haijaishia kwa Wajapani. Huyuhuyu DJ sasa anarekodi tamthilia yake ya mtandaoni hukohuko Rungwe. Wimbo wa kufungulia akaimbiwa na binti mmoja mwanakwaya, sauti kama asali ya Mbeya, malipo yakawa nauli na ahadi ya "jina lako litatokea". Episodi ya kwanza wimbo ulikuwepo mzima, jina halikuwepo. Ya pili ukabaki nusu. Ya tatu ukakatwa kabisa, sababu eti watu wanauruka. Binti kapiga simu, haipokelewi. Namba ni ileile inayotangazwa juu ya nyimbo za watu.

Walioangalia First Love kwa tafsiri ya DJ wakachukue ile isiyotafsiriwa, waende episodi ya nane. Halafu waje hapo chini kwenye komenti waseme mara ya kwanza walisikia Utada au walisikia salamu za stendi.