ASIYEANDIKWA HANA DAI

Uchaguzi wa Oktoba 2025 umekwisha, na ule wa 2030 ungali mbali. Hapana bendera barabarani, hapana gari la kipaza sauti, wala hapana mgombea apitaye majumbani kutupa mkono. Huenda baadhi ya ndugu zetu wakastaajabu kuona gazeti lao limeshika kalamu leo kusema habari za kuandikishwa na kupiga kura. Sisi twaona kuwa wakati wenyewe ndio huu. Mwenye duka hafanyi hesabu usiku wa kuamkia Idi, wateja wakiwa wamemjaa mlangoni. Huifanya Shaabani, mwezi mtulivu, apate kujua alicho nacho na alichopungukiwa.

Katika matawi ya Unguja na Pemba tumesikia malalamiko mawili. La kwanza husema: "Kujiandikisha kuna faida gani, ilhali kura zetu hazitupi haki yetu?" La pili husema: "Wagombea tumeletewa tu, sisi hatukuulizwa." Yote mawili yana ukweli ndani yake, nasi hatuyadharau. Lakini mizani ya haki ina vitanga viwili, na leo twataka kupima hata kile kilicho upande wetu.

Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu haielezi vita wala ufalme. Imo katika Suratul Baqara, nayo yaeleza deni: liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Kila muuza duka ameonja hekima ya amri hiyo. Mtu akija kudai fedha zake na jina lake halimo daftarini, hata akiapa, atarudi mikono mitupu. Ikiwa deni la pishi moja ya mchele lataka kuandikwa, je, haki ya mtu kuchagua atakayemtawala itawezaje kukaa hewani bila ya jina, bila ya namba na bila ya shahidi?

Biashara ilitupeleka Moshi kununua maharage. Huko tuliketi barazani na mzee mmoja, mwenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro, mkulima wa kahawa na ndizi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatuuliza kwa utani: "Ninyi Wapemba, mbona kila uchaguzi mwalia?" Kule kila mtu wa Visiwani ni Mpemba, hata akiwa mzaliwa wa Makunduchi. Hatukufurahi kuulizwa hivyo, nasi tukamweleza yaliyotusibu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Poleni. Lakini sisi huku Mangi Mkuu tulimweka kwa kura, na kwa kura tukakiondoa kiti chake. Mimi nilikuwa mtoto, baba yangu alinishika mkono tukaenda pamoja."

Maneno hayo yalitukalia moyoni, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu asili yake. Zamani miteremko ya Kilimanjaro ilikuwa na wamangi wengi, kila mmoja na nchi yake: Machame, Kibosho, Uru, Marangu, Rombo na kwingineko. Baada ya vita vya pili vya dunia, Wachagga wengi walitaka awepo mkuu mmoja wa kuwaunganisha, na walitaka achaguliwe na watu. Petro Njau na wenzake wakaunda umoja wa raia wa Kichagga kuipigania nia hiyo. Mwisho wa mwaka 1951 kura zikapigwa, wamangi wakashindana, na Thomas Marealle wa Marangu akapata ushindi. Alitawazwa Januari 1952. Haikupita miaka 10, watu wale wale wakabadili rai. Walisema kwamba mkuu asiyekuwa na muda wa kuondoka hawamtaki tena, bali wataka rais wa kuchaguliwa. Mwaka 1960 wakaulizwa kwa kura, wakajibu kwa kura, na Solomon Eliufoo wa Machame akachaguliwa kuwa Rais wa Wachagga.

Hatusemi kwamba Marealle alikuwa mtu mbaya. Alikuwa msomi na mwenye kuheshimiwa, na mengi ya maendeleo ya Uchagga yamo katika siku zake. Tunalolisema ni kwamba watu wale hawakuona kuwa kura ni ya siku moja. Waliishika mkononi mwaka 1951, na mwaka 1960 ilikuwa bado iko mkononi mwao.

Atatokea mtu aseme: "Hao walikuwa na sheria nyepesi." Basi na tutazame uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, ulioanza Septemba 1958 na kumalizika Februari 1959. Sheria yake ilikuwa ya kudhalilisha. Ili uandikwe mpiga kura ulitakiwa uwe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Juu ya hayo, kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu kwa rangi zao: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Asiyewapigia wote watatu, kura yake iliharibika. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 8, walioandikwa walikuwa wapata elfu 60 tu.

Wanachama wa TANU walipokutana Tabora Januari 1958, wengi walikwenda na nia ya kususia. Hasira yao ilikuwa ya haki. Julius Nyerere aliwasihi waingie katika uchaguzi ule mbovu, ili wapate nguvu ya kuufuta kutoka ndani. Walikubali, na Zuberi Mtemvu asiyeridhika akaenda zake kuunda chama chake. Katika Jimbo la Kaskazini, lenye Moshi na Arusha, waliungwa mkono Eliufoo, Derek Bryceson na Bi Sophia Mustafa, nao wote watatu wakaingia Barazani. Sheria iliyotungwa ili iwagawe watu kwa rangi iligeuzwa na wapiga kura wenyewe ikawa ngazi. Ulipokuja uchaguzi wa 1960, kura tatu zilikuwa zimekwisha ondolewa, na Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Tunajua mtakalotujibu. Mtasema kwamba Tanganyika ya 1958 haikufutiwa uchaguzi wake, na sisi tulifutiwa. Ni kweli. Tarehe 28 Oktoba 2015 matokeo ya Zanzibar yalifutwa hali kura zilikuwa zinaendelea kutangazwa. Mtatukumbusha pia kwamba mwaka 2025 chama kikubwa cha upinzani Bara kilizuiwa kushiriki, na siku ya tarehe 29 Oktoba na zilizofuata damu za watu zilimwagika huko. Hatutamwambia mtu yeyote kwamba kadi ya mpiga kura ni dawa ya maradhi yote hayo.

Lakini na tujiulize pia kususia kulituletea nini. Uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016 ulisusiwa. Mshindi alitangazwa kwa asilimia 91, na Baraza la Wawakilishi likakaa miaka mitano bila ya sauti yetu. Aliyetudhulumu hakupungukiwa na kitu. Kufutwa kwa kura zetu mwaka 2015 kulikuwa ushahidi, kwa sababu zilikuwepo kura za kufutwa. Asiyeandikwa hawezi hata kudhulumiwa kwa ushahidi. Atahesabiwa tu kuwa hayupo.

Sasa twaja kwenye lalamiko la pili, nalo ndilo linalotuuma zaidi, kwani halina serikali ya kulaumiwa. Kabla ya kura ya wananchi wote kuna kura ya maoni ndani ya Chama. Bara jambo hili ni la zamani: mwaka 1965 mikutano ya wilaya ya TANU ndiyo iliyowapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ikateua wawili, na wananchi wakachagua baina ya jembe na nyumba. Wakati ule sisi Visiwani hatukuwa na uchaguzi wa wabunge. Leo tunayo haki hiyo katika Chama chetu, nasi twaitumiaje? Katika mkutano mmoja wa tawi, wa kupendekeza majina, tulihesabu viatu mlangoni: jozi tisa. Tawi hilo lina wanachama wanaojaza uwanja siku ya mkutano wa hadhara. Watu tisa walichagua kwa niaba ya mamia, na baadaye mamia wakasema wameletewa mgombea.

Ndugu zetu wa CHADEMA walipochagua mwenyekiti wao Januari 2025, Freeman Mbowe, mtoto wa Machame aliyeshika kiti hicho tangu 2004, alipata kura 482 na Tundu Lissu akapata 513. Tofauti ni kura 31. Mbowe alikiri kushindwa na kumpongeza mwenzake. Mwenye kupenda yupi na ampende, lakini kila mjumbe aliyeingia ukumbini siku ile alijua kwamba bila ya yeye hesabu ingekuwa nyingine.

Kwa hivyo twawanasihi wanachama wetu mambo manne. Kwanza, kila mmoja ahakikishe leo kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi ni kizima na kiko mahali pake. Wakati wa fujo si wakati wa kutafuta karatasi. Pili, daftari linapobandikwa nendeni mkasome majina, si lako peke yako, bali la mama yako, la jirani mgonjwa, na la kijana aliyetimia miaka 18. Tatu, ndugu zetu wenye maduka Bara, Moshi na kwingineko, wajue mapema wanahesabiwa wapi, kwani mwenye kukaa huku na huku aweza kukosa kote. Nne, hudhurieni tawi. Lipeni ada, ingieni kura ya maoni, na aliyeshindwa kwa haki ampe mkono aliyeshinda. Viongozi nao watambue kuwa jina lililoshinda tawini likibadilishwa juu bila ya sababu kuelezwa, watakuwa wamewafunza wanachama kukaa majumbani.

Wazee wetu hawakuhitaji kwenda Moshi kulijua hili. Katika uchaguzi wa Januari 1961, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Hatukitaji kwa kushabikia chama cha zamani zile; twakitaja kwa sababu palikuwa na mtu katika mji ule, hatumjui ni nani, aliyesema asubuhi ile kuwa mvua itamrowesha, au kwamba kura yake moja haina uzito.

Ndugu wasomaji, mtu huyo asiwe mmoja wetu. Mkutano ujao wa tawi lako, viatu vyako viwemo mlangoni.